Kompyuta za mkononi za zamani: zilitoka wapi, na majina yetu yalienda wapi

Juma lililopita, baada ya habari za jioni, nilitaja kwa dakika mbili tu ule mfuko wangu wa kompyuta ndogo za zamani, na tangu siku hiyo simu haijanyamaza. Mmoja aliuliza kama ninaziuza. Mama mmoja wa Ndosho aliuliza kama ndizo zile walizokuwa wakiandikia watu majina zamani, kabla ya hizi simu kubwa za leo. Dakika za redio ni chache, kwa hiyo nayaandika hapa kwa urefu. Mwenye intaneti amsomee asiyekuwa nayo.

Nianze na swali la yule mama, kwa sababu ndilo lililonitia katika mambo haya.

Nilikuwa na miaka 12 Nyiragongo ilipopasuka, tarehe 17 Januari 2002. Wenye umri wangu wanakumbuka: lava ilipita katikati ya muji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikameza Birere, ikaenda mpaka ziwani. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi na magodoro kichwani. Tuliporudi, kiwanja chetu kilikuwa chini ya mawe meusi ambayo bado yalikuwa yanatoa joto, tukalala katika uwanja wa shule pamoja na wengine wengi. Siku moja akaja kijana wa shirika moja, amevaa jileti, mkononi ana kitu cha kijivu chenye ukubwa wa kiganja na kalamu fupi isiyokuwa na wino. Mama akataja majina yetu, watu wanane. Yule kijana alikuwa akigusa kioo kwa ile kalamu, haandiki popote pengine. Pamoja nasi kulikuwa na binti wa shangazi yangu, mtoto wa miaka sita, aliyepotezana na mama yake katika mbio. Kijana alimwuliza mtoto vizuri sana jina la mama, wanakaa avenue gani, alivaa kitenge cha rangi gani. Yote akayaweka mle ndani ya kioo.

Siku ya kugawa turubai na maharagi, mstari wetu wote haukuitwa. Mama alipokwenda kuuliza, alijibiwa: mashine ilizimika, majina yamekwenda. Si yetu tu, ni ya watu wote walioandikwa asubuhi ile. Tuliandikwa upya, safari hii kwenye daftari, na turubai tukaipata karibu majuma matatu baadaye, mvua ikiwa imekwisha kutunyeshea vya kutosha. Lakini yule aliyekuja na daftari alikuwa akihesabu nyumba tu. Habari za mtoto hakuziuliza tena. Shangazi alitupata mwezi wa nne, kwa tangazo la redio. Kumbe alikimbilia upande wa Sake akafika Minova, akatulia huko akiamini mtoto amekufa. Shirika silitaji, na kijana yule simlaumu. Ila lile neno, "majina yamekwenda," lilikaa kichwani mwangu. Majina yanakwendaje?

Jibu nililipata miaka 12 baadaye, Birere ile ile, iliyojengwa upya juu ya lava. Pale kwa mafundi wa simu kuna vijana wanaonunua vyuma vya umeme kwa kilo. Katikati ya chaja na rimoti nikaona kile kitu cha kijivu. Nilikitambua kabla sijakigusa.

"Mukubwa, hiyo ni kalkilatrisi tu ya wazungu," fundi akasema. "Nipe elfu tatu."

Nilimpa elfu mbili na mia tano. Ilikuwa Palm III, iliyotoka mwaka 1998. Nilitia mawe mawili madogo, yale ya rimoti, ikawaka. Ilikuwa tupu kabisa, kama siku ilipotoka kiwandani, inaniomba nigonge alama katikati ya kioo ili ijue kalamu iko wapi. Nikasoma, nikauliza, nikaandikiana na watu wa mbali wanaokusanya mashine hizi, na nikaelewa. Palm za miaka ile ziliweka kila kitu unachoandika katika kumbukumbu inayoishi kwa umeme tu. Hakuna diski, hakuna kadi. Programu ya kuendesha mashine ilikaa mahali pa kudumu, lakini majina, namba na barua zako zilikaa kwenye ile kumbukumbu ya umeme. Mawe yakiisha kabisa, au ukiyatoa ukachelewa, yote yanafutika. Ndani kulikuwa na kihifadhi kidogo cha umeme kilichokupa nafasi ya kama dakika moja kubadilisha mawe. Dakika moja! Fikiria kijana uwanjani, mvua inatishia, foleni ya watu mia mbele yake, anatafuta mawe mengine katika mfuko.

Sasa, ni nani alitengeneza mashine namna hiyo, na kwa nini? Hapo ndipo historia inapoanza kuwa tamu.

Mwaka 1980 kampuni ya Sharp ya Japani ilitoa PC-1211, ambayo duka la Radio Shack huko Marekani liliiuza kwa jina lake kama kompyuta ya mfukoni ya TRS-80. Ilionekana kama kalkilatrisi ndefu, na kioo chake kilionyesha mstari mmoja wa herufi 24, lakini uliweza kuiandikia programu. Wahandisi na wanafunzi waliipenda. Mtu wa kawaida hakuwa na la kufanya nayo.

Aliyeifanya kompyuta ya mkononi kuwa kitu cha kazi, kwa hukumu yangu, ni David Potter. Huyu alizaliwa mwaka 1943 katika muji unaoitwa East London, lakini si London ya Uingereza. Ni East London ya Afrika Kusini, kando ya bahari. Alikwenda Uingereza kusoma fizikia, na mwaka 1980 akaanzisha London kampuni aliyoiita Psion. Walianza na michezo na programu za kompyuta ndogo za Sinclair, na fedha za programu hizo ndizo zilizolipia mashine yao wenyewe. Mwaka 1984 wakatoa Psion Organiser. Mbili yake ikafuata mwaka 1986, na hiyo ndiyo iliyoenea. Ninayo moja. Ni nzito kama kipande cha sabuni ya mche, ina kifuniko kinachoteleza kushuka chini na kufunua vitufe vilivyopangwa A, B, C, kama kwenye ubao wa darasa la kwanza. Kioo kina mistari miwili. Inakula jiwe moja la mraba, lile la volti tisa. Maduka ya Marks & Spencer yaliwapa wafanyakazi wao. Imetengenezwa kwa mtu anayesimama, si anayekaa.

Lakini lililonishangaza ni namna ilivyohifadhi mambo. Nyuma yake kuna matundu mawili ya kuchomeka visanduku vidogo vya kumbukumbu. Ukiandika jina kwenye kisanduku hicho, linakaa. Toa mawe, litakaa. Kitupe ndani ya sanduku miaka kumi, litakaa. Na hata ukisema "futa," halifutiki kweli. Mashine inaliwekea tu alama kwamba lisionyeshwe, na nafasi yake hairudi. Kusafisha kisanduku kweli kweli, sherti ukitoe na kukiweka chini ya taa maalumu ya miale ya urujuani kwa muda. Watumiaji wa wakati ule walilalamika, kwa sababu visanduku vilijaa haraka na vilikuwa ghali. Mimi nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka simu chini, nikamfikiria yule mtoto wa shangazi. Mashine ya mwaka 1986 ingemkumbuka. Ile ya miaka kumi na zaidi baadaye ilimsahau.

Mwaka 1991 Psion walitoa Series 3, inayofunguka kama kasha la miwani, vitufe kamili ndani, mawe mawili ya kawaida, yale ya tochi, yanayodumu majuma kadhaa, na pembeni kijiwe cha duara kama sarafu kinacholinda kumbukumbu wakati unabadilisha yale makubwa. Mtu aliyefikiria hicho kijiwe alikuwa anawaza juu ya siku mbaya. Series 5 ilikuja mwaka 1997 na vitufe vizuri kuliko vyote nilivyowahi kugusa kwenye mashine ndogo, ila waya wake wa kioo, ule mwembamba kama utepe, hukatika kwa kukunjwa mara nyingi. Karibu kila Series 5 inayouzwa leo kwa bei rahisi ina ugonjwa huo. Kabla hujanunua, ifungue na kuifunga taratibu huku ukitazama kioo. Kikipata mistari, rudisha fedha mfukoni.

Wamarekani walikwenda njia nyingine. Mwaka 1992 John Sculley, aliyekuwa mkubwa wa Apple, alitangaza mashine itakayosoma mwandiko wa mkono, na mwezi wa nane 1993 Newton ikatoka. Ilikuwa kubwa kuliko mfuko, ghali, na mwandiko wa watu iliusoma vibaya kiasi kwamba vichekesho vya magazeti na televisheni viliicheka. Apple waliizika Februari 1998. Siisemi sana, ingawa jambo moja la Newton liko mkononi mwako sasa hivi: kwa ajili yake Apple walishirikiana na Acorn ya Uingereza na kampuni nyingine kuanzisha ARM mwaka 1990, na akili za karibu simu zote za leo, hata hizi za bei ndogo za soko la Virunga, zimejengwa kwa ramani ya ARM.

Palm ni kazi ya Jeff Hawkins na wenzake, Donna Dubinsky na Ed Colligan. Hawkins alikuwa ameshashindwa mara moja na mashine iitwayo Zoomer. Basi kabla ya kutengeneza nyingine, alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa mfuko wa shati, akatembea nacho. Akiulizwa kama ana nafasi siku fulani, anatoa ubao, anajifanya anaandika juu yake kwa kijiti. Watu walimwona ni mgonjwa. Ubao huo upo mpaka leo katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko California. Kwa ubao huo alijua nini kinahitajika na nini hakihitajiki. Na juu ya mwandiko alifanya kinyume cha Apple: badala ya mashine kujifunza herufi zako, wewe ujifunze zake. A unaiandika kama paa la nyumba, bila kile kijiti cha katikati. Nilijifunza kwa siku mbili. Binti yangu alijifunza kwa mchana mmoja.

Pilot ya kwanza ilitoka mwaka 1996 kwa dola 299, na kumbukumbu ndogo mno, kilobaiti 128. Picha moja ya simu yako leo haiwezi kuingia humo. Lakini ilikuja na kiti chake cha mezani chenye kitufe kimoja. Jioni unaiketisha, unabonyeza, na yote uliyoandika yananakiliwa kwenye kompyuta kubwa. Hapo ndipo jibu la swali langu lilipo. Hawakujali kumbukumbu inayokufa kwa sababu waliamini kila mtumiaji ana meza, kompyuta kubwa juu ya meza, na umeme usiokatika, na kila jioni atarudi hapo. Mashine haikuwa mbovu. Ilitengenezewa mtu anayerudi nyumbani.

Mapema mwaka 2000 Palm ilikuwa mfalme. Tarehe 2 Machi hisa zake ziliuzwa mara ya kwanza kwa dola 38, zikaruka mpaka 165 siku hiyo hiyo, zikafunga kwenye 95. Mwaka huo huo, ninyi wazee wa Masisi na Walikale mnakumbuka ni nini kilipanda bei. Koltani. Tantali inayotoka humo hutengeneza vile vihifadhi vidogo vya umeme ambavyo kila mashine ya mfukoni ilivihitaji, simu, Palm, kamera, michezo ya watoto. Duniani watu waliogopa kwamba haitatosha, wakanunua kwa fujo, bei ikapanda mara nyingi, na huku kwetu watu wakaacha mashamba na ng'ombe wakaenda kuchimba, na wenye bunduki wakasimama juu ya mashimo. Mwaka 2001 bei ilianguka, na mwezi wa nne wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa wakatoa ripoti yao juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Nilipofungua Psion yangu iliyokufa niliona vile vipande juu ya kibao chake, vya njano, kila kimoja na mstari upande mmoja kuonyesha chanya, vidogo kuliko punje ya mchele. Sitasema vilitoka Rubaya. Tantali ilitoka pia Australia na kwingine, na punje haina paspoti. Lakini baba yangu mdogo alichimba mwaka ule, na nilimwonyesha. Alikishika kwa ncha ya kidole, akakitazama, akasema, "Na ndiyo hii?" Akanirudishia.

Kuna watu waliozichukua mashine hizi wakazipeleka mahali ambapo hakuna meza. Wa kwanza ninayemheshimu ni Louis Liebenberg wa Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa akifanya kazi na wafuatiliaji wa nyayo, wazee wanaosoma mchanga kama sisi tunavyosoma gazeti, lakini kalamu hawajui. Pamoja na mtaalamu wa kompyuta aitwaye Justin Steventon alitengeneza CyberTracker, kwanza kwenye Newton, halafu kwenye Palm: badala ya maneno, picha. Picha ya swala, picha ya kinyesi, picha ya mnyama anayekula, na mahali panaingia penyewe kwa satelaiti. Mwaka 1998 alipata tuzo la Rolex kwa kazi hiyo.

Miaka kama kumi baadaye, ng'ambo ya mto, katika Kongo-Brazzaville, Wambendjele wa msituni walipewa kompyuta za mkononi zenye picha za namna hiyo. Mwanaanthropolojia Jerome Lewis alisaidia, na kampuni ya mbao CIB ilikuwa ndani ya mpango. Walitembea msituni wakibonyeza: hapa kuna makaburi yetu, huu ni mti wa dawa, huu ni msapeli unaotupa viwavi vya kula, usikatwe. Jirani zetu wa Uganda nao, tangu 2003, waliwapa wauguzi wa vijijini Palm za kupeleka ripoti za magonjwa. Muuguzi alielekeza mashine yake kwenye kisanduku kilichowekwa kituoni, taarifa zikaruka kwa mwanga usioonekana, na kisanduku kikazituma mjini kwa mtandao wa simu. Ona tofauti: ripoti haikungoja mtu arudi mezani.

Na ile KoBo ambayo maajenti wanatumia leo wakija kuwaandika kambini, ile wanayoifungua kwenye simu na kuwauliza mna watoto wangapi, nayo ni mjukuu wa mambo haya. Watafiti wawili, Phuong Pham na Patrick Vinck, waliianzisha kutokana na kazi yao ya kuwahoji watu waliopigwa na vita, kaskazini mwa Uganda na huku kwetu mashariki. Leo majina yanakaa kwenye simu hata betri ikiisha, na pakiwa na mtandao yanakwenda kwenye kompyuta nyingine mbali. Kwa hiyo, mama wa Ndosho, jibu lako: ndiyo, ndizo zile, na hapana, si kwa namna ile tena.

Palm yenyewe ilirekebisha kosa lake mwaka 2004, ilipotoa Tungsten T5 na Treo 650 zenye kumbukumbu isiyokufa na betri. Ilikuwa imechelewa. Simu zilikuwa zinakuja. Psion waliacha kuuzia watu wa kawaida mwaka 2001, lakini programu yao ya kuendesha mashine ilikuwa imekwisha kuingia katika kampuni mpya, Symbian, waliyoianzisha mwaka 1998 pamoja na Nokia na Ericsson. Nani kati yenu hakuwa na rafiki mwenye Nokia N70 pale mnamo 2006? Ndani yake kulikuwa na damu ya ile mashine ya mtu wa East London. iPhone ilikuja 2007. HP waliinunua Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni moja na milioni mia mbili, na mwaka uliofuata wakaacha kutengeneza.

Nilivyozikusanya mimi si kwa fedha. Nina kumi na moja, na sita zinawaka. Maadui wao ni wawili. Wa kwanza ni mawe yaliyosahauliwa ndani, yanayotoa ule unga mweupe na kula chuma. Unga huo nausafisha kwa siki na kijiti cha masikio, halafu nakausha vizuri. Wa pili ni sisi wenyewe, mbio zetu. Mei 2021, mlima ulipopasuka tena na siku chache baadaye tukaamriwa kuondoka, nilitoka nyumbani na mfuko wa kazi, rikoda ya redio, na hizi mashine kumi zilizokuwapo. Njiani kuelekea Sake mama yangu alinisemesha mbele ya watu:

"Wewe mtoto, watu wanabeba mahindi, wewe unabeba vyuma vilivyokufa?"

"Mama, vingine viko hai."

"Basi viambie vitupikie."

Alikuwa na haki. Tulikula kwa watu siku nne.

Sasa nifike kwenye mashine ya kumi na moja, ambayo redioni sikuitaja. Niliipata mwaka jana kwa kijana yule yule wa vyuma. Psion Series 3a, kifuniko kimevunjika upande mmoja, na pembeni mwake kadi ya kumbukumbu bado imechomekwa, ile ya aina isiyohitaji mawe. Nilitia mawe mawili, ikaamka. Katika kumbukumbu ya mashine hapakuwa na kitu. Ndani ya kadi kulikuwa na faili moja tu, ya mwaka 1996. Nikaifungua.

Ni orodha. Jina la mkubwa wa nyumba, idadi ya watu, watoto walio chini ya miaka mitano, na katika safu ya mwisho, mahali wanakotoka. Nilisoma mistari kumi na miwili nikafunga kifuniko. Ninyi mnaonisikiliza hamhitaji nieleze. Mwaka 1996, eneo hili, jina la mtu na kando yake mahali anakotoka. Watu wamekufa kwa karatasi yenye maneno machache kuliko hayo, na wajukuu wao wapo, na wanaowatafuta nao pengine wapo.

Miaka yote hii niliikasirikia mashine iliyosahau. Nikaketi usiku ule mbele ya ile isiyosahau, nikiogopa jirani asije kubisha hodi.

Nilimwendea mzee mmoja wa kata yetu. Akasema: choma. Nilimwendea wakili mmoja, akasema usichome, inaweza kuwa ushahidi wa mtu fulani kwamba aliishi, kwamba alihesabiwa, kwamba watoto wake walikuwa wanne siku ile na si wawili. Kuna wanaotafuta ndugu zao tangu mwaka ule, na mimi kwa kazi yangu nimesoma matangazo yao hewani mara nyingi. Nilimwuliza mama. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua macho.

"Kama majina yetu yangekuwa mle," akasema, "ungetaka nani ayaone?"

"Shangazi."

"Na nani mwingine?"

Kadi nimeitoa kwenye mashine. Haiko nyumbani kwangu, na aliye nayo hana mashine ya kuisoma. Hewani sitaisoma, na wala msinipigie kuuliza kama jina fulani limo. Sitajibu kwa simu hata kwa mtu ninayemfahamu. Mwenye ndugu aliyepotea tangu miaka ile aendelee na njia za kawaida za kutafuta jamaa, na kama kuna taasisi yenye haki na ulinzi wa kupokea kitu cha namna hii, tutaongea uso kwa uso. Mpaka sasa nimeongea na moja, na hatujamaliza.

Kwa wengine wote: kama nyumbani mna mashine ndogo ya zamani, Psion, Palm, iPAQ au jina jingine, hata iliyovunjika, msiipeleke kwenye kilo kabla ya kufanya mambo haya. Toeni mawe, yasije kuoza ndani. Ikiwa kuna kadi pembeni, itoeni, iwekeni mbali na mashine. Kama ni Palm ya zamani na inawaka bado, usiyatoe mawe kwanza; kumbuka ile dakika moja. Niletee kwenye studio siku ya Jumatano baada ya habari za saa sita, au mwache kwa mlinzi wa mlango na jina lako kwenye karatasi. Aliye kambini na hana nauli aniambie kupitia kiongozi wa bloki yake, nitakuja mwenyewe nikifuata habari upande huo.

Na yule binti wa shangazi, kwa walioniuliza: ameolewa, ana watoto wawili, anauza samaki wakavu Minova. Palm nilimwonyesha Krismasi iliyopita. Alicheza mchezo wa karata uliokuja nayo mpaka mawe yakaisha.